Kiraka kikigoma: kusaka chanzo cha hitilafu unapojenga faili la MSP

Mteja yuko Mpanda, kompyuta ya kaunta inategemea intaneti ya simu, na wewe umerekebisha mistari sita tu ndani ya DLL moja, yaani faili la msimbo linalotumiwa na programu. Kumtaka apakue upya kisakinishi kizima cha MB 200 ni kummalizia bando. Ndiyo maana bado wapo wanaohangaika na viraka vya Windows Installer, yale mafaili ya MSP, ingawa sijawahi kujenga kitu kinachosumbua kama hicho kwenye Windows.

Nimejenga vingi, na vingi vimenigomea. Nikizihesabu saa zilizopotea, chache sana zilipotea kwa sababu ya kiraka chenyewe. Nyingi ziliishia kwenye vifurushi viwili nilivyokipa chombo kivilinganishe. Faili la MSI, yaani kisakinishi chenyewe, ni hifadhidata yenye majedwali: la mafaili (File), la vijenzi (Component), la vipengele (Feature), la diski (Media), na mengine mengi. Kiraka huzaliwa kwa kulinganisha hifadhidata ya toleo la zamani na ya toleo jipya, kisha hubeba tofauti zilizopatikana pamoja na mafaili yaliyobadilika. Hivyo ukikwama, kabla hujagusa mipangilio ya kiraka, fungua MSI zote mbili kwa Orca, programu ndogo inayokuja na Windows SDK, uzitazame kwa macho yako.

Njia za kujenga ni mbili kuu. Ya kwanza ni ya Microsoft yenyewe: unaandaa faili la PCP, lenye maelezo ya jinsi kiraka kitakavyojengwa, unaikabidhi Msimsp.exe, nayo inaita PatchWiz.dll. Ya pili ni WiX, seti ya zana za kujenga visakinishi, ambayo katika toleo la 3 hutumia torch.exe kulinganisha na pyro.exe kufunga kiraka. Kuanzia toleo la 4 la mwaka 2023 kazi hiyo imeingizwa ndani ya amri moja, `wix build`. Majina ya hitilafu yanatofautiana, ila magonjwa ni yale yale, kwa hiyo nitayapitia kwa dalili.

Dalili: Msimsp inakufa papo hapo

Amri yenyewe ni hii:

`msimsp.exe -s kiraka.pcp -p kiraka.msp -l kiraka.log`

Usiiendeshe bila `-l`. Bila logi utaona namba ndefu inayoanza na 0xC00E na hutajua uanzie wapi. Ndani ya logi kuna jina la kosa linaloanza na ERROR_PCW, na hilo jina mara nyingi linajieleza.

Likiwa ERROR_PCW_CANNOT_RUN_MAKECAB, chombo hakikuweza kuiendesha makecab.exe. Kwa kawaida ipo System32, lakini kwenye seva ya ujenzi ambayo mtu alifuta PATH na kuandika yake, haionekani. Hakikisha pia PatchWiz.dll na mspatchc.dll zimekaa folda moja na Msimsp.exe, kuna watu hunakili ile EXE peke yake kwenda kwenye flashi wakidhani inajitegemea.

Kuna pia folda ya muda, `~pcw_tmp.tmp`, ambayo PatchWiz huitengeneza ndani ya TMP. Ujenzi uliokatika katikati huiacha hapo, na wakati mwingine antivirasi inakuwa imelishikilia faili mojawapo. Ifute kwa mkono, ujaribu tena. Ukitaka kuichungulia badala ya kuifuta, weka DontRemoveTempFolderWhenFinished kuwa 1 kwenye jedwali la Properties la PCP. Utaona ni faili gani lilikuwa linafanyiwa kazi mambo yalipoharibika.

Na jina la familia kwenye jedwali la ImageFamilies lisizidi herufi 8. Nililiita "ProgramuYaStoo" siku ya kwanza, nikapewa ERROR_PCW_IMAGE_FAMILY_NAME_TOO_LONG. Angalau hilo liliniambia ukweli.

Dalili: PatchWiz inasema kifurushi kimebanwa, au mafaili hayaonekani

ERROR_PCW_TARGET_IMAGE_COMPRESSED. PatchWiz haitaki MSI yenye mafaili yaliyobanwa ndani ya CAB, faili la kubania la Windows. Inataka nakala iliyofumuliwa, kila faili likiwa wazi kwenye folda yake, ili iweze kulinganisha baiti kwa baiti. Fumua hivi:

`msiexec /a C:\matoleo\1.0\Stoo.msi TARGETDIR=C:\fumua\1.0 /qn`

`msiexec /a C:\matoleo\1.1\Stoo.msi TARGETDIR=C:\fumua\1.1 /qn`

Kisha kwenye majedwali ya PCP, TargetImages (toleo la zamani) na UpgradedImages (toleo jipya), elekeza kwenye MSI zilizotua ndani ya folda hizo za fumua, usielekeze kwenye zile za awali. MSI inayotoka kwenye `/a` imebadilishwa alama yake ya ndani kuonyesha kwamba mafaili yake hayajabanwa, ndiyo maana ile ya awali haikubaliki hata ukiiweka jirani na mafaili yaliyofumuliwa.

Tumia folda fupi. `C:\f\10` ni nzuri kuliko kuzamisha kila kitu ndani ya Documents ya mtumiaji mwenye majina matatu, maana ukomo wa herufi 260 kwenye njia ya faili bado unawakamata watu, na hitilafu yake huja kama "faili halipo" wakati faili unaliona kabisa.

Lakini hapa ndipo penye mzizi wa matatizo mengi, na nitakaa kidogo. Swali la kujiuliza ni hili: MSI ya 1.0 umeitoa wapi? Kama jibu ni "nimeijenga tena kutoka kwenye msimbo wa zamani", hiyo si 1.0 aliyonayo mteja. Ukijenga upya, mafaili yanapata tarehe mpya, DLL inatoka na baiti tofauti hata kama msimbo haukubadilika, na huenda hata vitambulisho vikazalishwa vipya. Kiraka kitajengeka vizuri kabisa kwako, kwa sababu kinalinganisha vitu viwili ulivyonavyo. Kwa mteja kitagonga mwamba, mara nyingi kwa hitilafu 1328: faili limeshabadilishwa kwa njia nyingine, haliwezi kutiwa kiraka tena. Hakuna aliyelibadilisha. Ni wewe uliyelinganisha na faili ambalo mteja hajawahi kulipata.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Folda ya `bin` ilikuwa moja, kila ujenzi ukiandika juu ya mwingine, na MSI iliyokwenda kwa wateja ilibaki sehemu moja tu: kwenye barua pepe niliyomtumia mteja wa kwanza. Nikampigia kumwomba anirudishie programu yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo kila MSI inayotoka nje inawekwa kwenye folda ya kusoma tu, pamoja na nakala yake iliyofumuliwa na faili lake la wixpdb, ambalo WiX hulitoa pamoja na MSI.

Dalili: WiX inasema hakuna tofauti, wakati unajua ipo

Ujumbe maarufu ni PYRO0252: hakuna mabadiliko halali yaliyotolewa ya kuambatishwa kwenye kiraka. Ndugu yake ni onyo PYRO1079, linalosema CAB haina faili lolote. Onyo hili watu hulipuuza kwa sababu MSP inatoka. Inatoka ikiwa tupu, unamtumia mteja, anaisakinisha, inafanikiwa, na hakuna kilichobadilika.

Chanzo cha kwanza ni hiyo hiyo `bin` ya pamoja. Ukimpa torch mafaili mawili ya wixpdb, kumbuka kwamba wixpdb haikubeba DLL zako. Imeandika tu njia za kuzifikia. Wixpdb ya 1.0 na ya 1.1 zote zikielekeza `..\bin\Stoo.dll`, chombo kitasoma DLL ile ile mara mbili na kusema hakuna tofauti. Kina haki. Ama tumia nakala zilizofumuliwa, ama mwelekeze pyro kwa `-bt` kwenye mafaili ya zamani na `-bu` kwenye mapya.

Chanzo cha pili ni jina la msingi. Ukiandika `pyro -t RTM tofauti.wixmst`, neno RTM lazima lifanane herufi kwa herufi na Id ya PatchBaseline (toleo la msingi linalotiwa kiraka) ndani ya faili la kiraka. Herufi moja ikipishana, tofauti haina pa kushikwa.

Cha tatu ni PatchFamily, kikundi cha mabadiliko ndani ya kiraka. Ukiweka ComponentRef ndani yake, umeweka chujio: kijenzi ulichokitaja tu, pamoja na vitu vinavyoambatana nacho, ndicho kitakachoingia. Umetaja kijenzi cha ripoti, mabadiliko yako yapo kwenye kijenzi cha mauzo. Basi kiraka ni kitupu. Ukiwa unatafuta tatizo, toa ComponentRef zote kwa muda uone kama kiraka kinanenepa. Kikinenepa, umelipata.

Na usiisahau `-p` kwenye torch kama unachuja hivyo. Hiyo ndiyo inayohifadhi hata safu ambazo hazikubadilika, na pyro anazihitaji kujua faili fulani ni la kijenzi gani.

Dalili: ProductCode hazilingani

ProductCode ni kitambulisho cha bidhaa ndani ya MSI. Zikitofautiana, PatchWiz itasema ERROR_PCW_MISMATCHED_PRODUCT_CODES. Karibu kila mara chanzo ni nyota: kwenye WiX umeandika `Id="*"` kwenye Product, na kwenye toleo la 4 na kuendelea hata usipoandika kitu, ProductCode huzalishwa mpya kila unapojenga. Nyota ni nzuri kwa toleo kubwa linalofuta la zamani na kuweka jipya. Kwa kiraka ni sumu. Kiraka cha kawaida hutegemea ProductCode kubaki ile ile.

Kuna mpangilio wa AllowProductCodeMismatches kwenye PCP, ukiuweka 1 kosa linanyamaza. Usiuguse. Utanyamazisha kengele huku nyumba inaungua: utapata kiraka cha kubadilisha bidhaa nzima, ambacho hakitaweza kuondolewa peke yake na kitakuletea maswali mapya kila wiki. Badala yake chukua ProductCode iliyomo kwenye MSI ya 1.0, iandike kwa mkono kwenye chanzo cha 1.1, ujenge 1.1 upya.

Kuhusu namba ya toleo: Windows Installer husoma sehemu tatu za kwanza tu za ProductVersion. 1.0.0.4 na 1.0.0.9 kwake ni kitu kimoja. Ukomo ni 255 kwa sehemu ya kwanza na ya pili, na 65535 kwa ya tatu, kwa hiyo wale wanaopenda kuanza na mwaka, 2024.1.0, wataangukia hapo.

Dalili: namba ya mfululizo wa mafaili imekataliwa

ERROR_PCW_BAD_FILE_SEQUENCE_START. Kila faili ndani ya MSI lina namba yake kwenye safu ya Sequence. Mafaili yanayoletwa na kiraka lazima yapewe namba zinazoanzia juu ya namba kubwa kuliko zote kwenye toleo la zamani, na MediaDiskId vilevile iwe juu ya DiskId kubwa iliyopo kwenye jedwali la Media. Ukiwa na mafaili 640, FileSequenceStart ya 500 haifai.

Mimi huanza na 10000, na kiraka kinachofuata 11000. Usipande sana: kwa muundo wa kawaida safu hiyo inaishia 32767.

Dalili: umeondoa kijenzi bila kujua

Huu ndio ugonjwa mbaya, kwa sababu unaweza kupita kwenye ujenzi na kulipuka kwa mteja. Pyro mara nyingine atakuwahi: atasema kuondoa kijenzi kwenye kipengele hakuruhusiwi, kwamba ama kijenzi kimetolewa ama GUID yake (kitambulisho chake) imebadilika. Au atasema KeyPath ya kijenzi, kwa kawaida faili kuu linalokitambulisha, imebadilika, jambo ambalo kiraka hakiwezi kulifanya. Asipokuwahi, utakutana nalo kwenye logi ya usakinishaji, mstari unaoanza na SELMGR: ComponentId fulani imesajiliwa kwenye kipengele lakini haipo kwenye jedwali la Component.

"Lakini sijaondoa kitu!" Ndivyo kila mtu anavyosema, na mimi nilisema. Tazama GUID za vijenzi kwenye Orca, 1.0 upande huu na 1.1 upande ule. Kama unakusanya mafaili kwa heat.exe, zana ya WiX inayozalisha orodha ya vijenzi, ukitumia `-gg`, kila inapoendeshwa inazalisha GUID mpya. Kwa macho ya Windows Installer umeondoa vijenzi vyote na kuleta vingine vyote. Badilisha iwe `-ag`, ambapo GUID hutokana na mahali faili litakapokaa, kwa hiyo hubaki ile ile mradi faili halijahamishwa. Ukilihamisha kutoka folda ya `data` kwenda `lib`, GUID inabadilika, na umerudi pale pale.

Kilichofaa kwangu ni kuachana na heat kwa programu inayotiwa viraka. Faili la vijenzi liandikwe mara moja, likaguliwe, lihifadhiwe kwenye Git, na lisizalishwe tena. Kuongeza faili jipya kunakuwa kazi ya mkono ya dakika mbili. Kama kuna faili hulihitaji tena, usilitoe kwenye kiraka. Liache, au libadilishe kuwa tupu, ulitoe kwenye toleo kubwa lijalo.

Angalia pia funguo za jedwali la File. DLL ile ile ikiitwa `filA1B2` kwenye 1.0 na `filC3D4` kwenye 1.1, kwa chombo hayo ni mafaili mawili, moja limekufa na jingine limezaliwa.

Dalili: kiraka kimejengeka, kinasakinishwa, faili halibadiliki

Pata logi ya mteja kwanza:

`msiexec /p kiraka.msp /l*v C:\kiraka.txt`

Ndani yake tafuta jina la faili. Ukiona "Won't Overwrite" ikifuatiwa na "Existing file is of an equal version", hukuongeza namba ya toleo ya DLL yenyewe. Kwenye .NET watu hupandisha AssemblyVersion wakaisahau AssemblyFileVersion, na Windows Installer inatazama hiyo ya pili. Hapa sehemu zote nne za namba zinahesabika, tofauti na ProductVersion.

Ukiona "Existing file is unversioned but modified", ni faili lisilo na toleo, kama la mipangilio, ambalo limebadilishwa baada ya kusakinishwa. Kisakinishi kinaheshimu mkono wa mtumiaji na kuliacha. Faili la mipangilio lisitumwe kwa kiraka. Acha programu yenyewe ilirekebishe inapowaka.

Dalili: 1642 kwa mteja

Maana yake: programu inayotakiwa kutiwa kiraka haipo, au ipo ya toleo jingine. Usibishane na mteja. Muulize namba ya toleo iliyoko kwenye orodha ya programu za Windows, uilinganishe na TargetImages zako. Mara nyingi yuko nyuma matoleo mawili, au alisakinisha ya biti 32 na wewe umetia kiraka ile ya biti 64. 1635 na 1636 ni nyepesi zaidi: faili halikufunguka au si halali, na kwa intaneti inayokatika kila saa, mwambie kwanza alinganishe ukubwa wa faili alilopakua.

Viraka vya pili na vya tatu visivyofuta vile vya kwanza ni suala la PatchFamily tena: Version yake isipopanda na Supersede isipokuwa `yes`, vyote vinabaki vimebandikwa juu ya vingine.

Dalili: kiraka kinamwomba mteja alete MSI ya zamani

1706 au 1612. Kiraka kinachobeba tofauti za baiti peke yake ni kidogo sana, lakini kinahitaji faili la awali liwepo lilivyokuwa. Likikosekana, kisakinishi kinatafuta chanzo, na chanzo kilikuwa flashi ya fundi aliyeshaondoka. Ukiweka IncludeWholeFilesOnly kuwa 1 kwenye PCP, kiraka kitabeba mafaili kamili. Kinanenepa lakini ugomvi unapungua. Pyro hufanya hivyo bila kuombwa, mpaka umpe `-delta`. Kwa wateja walio mbali mimi huchagua mafaili kamili ya zile DLL mbili tatu zilizobadilika: bando la MB 4 badala ya KB 300 halimuumizi mtu, na simu za usiku zimepungua.

Kuna chanzo kimoja ambacho hutakipata kwenye logi yako ya ujenzi hata ukikesha. Folda iliyofichwa ya `C:\Windows\Installer` ndiyo inayohifadhi nakala za MSI na MSP zilizosakinishwa. Inakua kubwa, na mafundi wa mtaani wakitafuta nafasi kwenye diski huifuta yote. Baada ya hapo hakuna kiraka kitakachoingia, wala programu haitafutika vizuri. Kwa kompyuta ya namna hiyo mpe mteja MSI ya toleo alilonalo, ile ile uliyoihifadhi kwenye folda ya kusoma tu, airudishie juu kwa `msiexec /fv Stoo.msi`, kisha kiraka kifuate.